Nyumba ya Vyumba Sita Iliyoijenga Kariakoo

Historia ya Kariakoo huandikwa mara nyingi kama historia ya vitu viwili: soko na TANU. Anayependa habari za biashara ataanza na kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aje kwenye soko lililofunguliwa mwaka 1923, kisha jengo la zege la miaka ya 1970, kisha moto wa Julai 2021. Anayependa siasa ataanza na African Association mwishoni mwa miaka ya 1920, apite TAA, chama kilichoirithi, afike tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipoanzishwa katika jengo la New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Habari zote mbili ni za kweli. Lakini zote zinaruka swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: watu hao walilala wapi, kwa nani, kwa masharti gani, na kulala kwao huko kuliwafanya wawe nani wao kwa wao? Ninavyoona mimi, kilichoigeuza Kariakoo kutoka kambi na gulio ikawa mtaa wenye wenyewe ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, pamoja na biashara ya kupangisha chumba kimoja kimoja iliyofanywa na watu wa kipato kidogo, wakiwamo wanawake wengi. Soko lilipata wateja wa kila siku, na siasa ikapata masikio, kwa sababu nyumba hizo zilikuwa zimekwisha kuwaweka watu pamoja.

Mwanzo wa mtaa haukuwa wa wenyeji, na hilo lazima likubaliwe mapema. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa shamba la Mzungu aliyeitwa Schöller, na serikali ya Wajerumani ililinunua muda mfupi kabla ya vita ili iwahamishie Waafrika huko, mbali na pwani. Tangu mwaka 1891 Wajerumani walikuwa na amri ya ujenzi iliyoamua nyumba za namna gani zijengwe katika sehemu gani ya mji. Vita vikakatiza mpango. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, uwanja huo mpana ukawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, likabaki hapo kama Kariakoo. Wapagazi waliokufa katika vita vile walikuwa makumi kwa maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mjini mwaka 1927 inamwonyesha mwenye bunduki, na mpagazi ameachiwa maandishi ya chini yake. Mtu anayetembea Kariakoo leo hupita Mtaa wa Mahiwa, wa Narung'ombe na wa Tandamti bila kukumbushwa na yeyote kwamba hayo ni majina ya mahali palipopiganwa kusini mwaka 1917, ambako mizigo ilifika kwa vichwa vya watu. Naona ni deni ambalo mji haujalilipa.

Baada ya vita Waingereza waliuendeleza mpango walioukuta. Kanuni zao za miji za miaka ya 1920 ziligawa Dar es Salaam katika kanda tatu, na kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Kinachonivutia katika kanuni hizo ni lugha yake. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule, na kuandika waziwazi kwamba rangi fulani ikae hapa na nyingine pale kungeleta maneno Geneva. Kwa hiyo sheria ilizungumzia majengo. Katika kanda ya kwanza zilitakiwa nyumba za mtindo wa Kizungu. Katika ya tatu ziliruhusiwa nyumba za udongo na makuti. Ukuta na paa vikafanya kazi ya ubaguzi bila kuutaja. Nyumba ya Kiswahili iliingia katika vitabu vya serikali kama alama ya mahali pa watu wa chini, na watu hao hao wakaitumia kujipatia kitu ambacho mpango haukuwa umewakusudia.

Hapa ndipo mtu anaweza kuleta pingamizi la kwanza: kama mitaa ilichorwa na Mjerumani na viwanja vikapimwa na Mwingereza, si ndiyo kusema Kariakoo imejengwa na serikali? Mistari ilichorwa na serikali, kweli. Barabara zilizonyooka na kona za mraba hazikutoka kwa Wazaramo wala kwa Wamanyema. Lakini serikali iligawa ardhi ikaishia hapo. Miti, fito, makuti, ujira wa fundi, udongo wa kukandika, vyote vilitoka mfukoni mwa aliyepewa kiwanja, ambaye alikuwa na ruhusa ya kukaa bila umiliki kamili. Hakuna benki iliyomkopesha. Alijenga kidogo kidogo, na namna nyumba ilivyokaa ilimsaidia: chumba cha kwanza kikipata mpangaji, kodi yake inanunua miti ya chumba cha pili. Mchoro wa viwanja bila hesabu hiyo ungebaki mchoro.

Ni vizuri kuiangalia nyumba yenyewe kwa karibu, maana mpangilio wake ndio ushahidi wangu mkubwa. Mbele kuna baraza, ya udongo uliosiribwa au ya saruji, iliyoinuka kiasi cha mtu kukaa na miguu ikagusa chini. Katikati ya ukuta ni mlango mmoja mpana. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu unaoikata nyumba kutoka mbele hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, milango ikitazamana. Mwisho wa ukumbi ni mlango wa kutokea uani. Huko kuna jiko, choo cha shimo, bafu, kamba za kuanikia nguo, kinu, na mara nyingi banda lenye vyumba vingine viwili vitatu vilivyoongezwa kadiri fedha ilivyopatikana. Paa lilikuwa kwanza la makuti, baadaye la madebe ya mafuta yaliyokunjuliwa na kugongwa bapa, mwishowe la mabati. Sasa hesabu mambo ambayo mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuyafanya bila kukutana na wenzake: kuingia, kutoka, kupika, kuoga, kwenda chooni, kufua, kukaa nje jioni. Karibu yote. Faragha yake ilianzia kwenye komeo la mlango wa chumba na kuishia hapo hapo. Mtu aliyetoka Tabora au Songea kutafuta kibarua bandarini alijikuta, wiki ya kwanza tu, akijulikana na watu kumi na watano kwa jina, kwa kabila, kwa dini na kwa tabia ya kuchelewa kurudi usiku.

J. A. K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyeufanyia mji utafiti katikati ya miaka ya 1950, alikuta kwamba kukaa katika chumba cha kupanga ndani ya nyumba ya namna hii ndiyo hali ya kawaida ya Mwafrika wa Dar es Salaam. Mji ulikuwa unajaa kwa kasi: sensa ya mwaka 1948 ilihesabu watu wapatao 69,000, na ile ya mwaka 1957 ikapata karibu 129,000. Serikali ilijenga kota Ilala, Temeke na Magomeni, lakini hazikutosha, na kibarua wa kutwa hakuwa mtu wa kukaa kota. Mzigo wa kumpokea mgeni uliangukia wenye nyumba wadogo. Katika hao wanawake walikuwa wengi kuliko mtu anavyoweza kudhani akisoma orodha za vyama na za viongozi. Sababu zake si ngumu kuziona. Kazi za mshahara zilikuwa za wanaume. Mwanamke aliyeachika au kufiwa na mume alibaki na njia chache: kupika vitumbua na mandazi, kuuza pombe, kushona, au kuweka akiba yake katika nyumba. Sheria ya Kiislamu, ambayo wakazi wengi waliifuata katika ndoa na mirathi, ilimtambua mwanamke kama mwenye mali kwa haki yake mwenyewe, na fungu lake la urithi lilikuwa lake. Nyumba ilimpa kodi ya kila mwezi, chumba cha kulala asimoweza kufukuzwa, na heshima. Mama mwenye nyumba aliyekaa chumba cha mbele aliwajua wote wanaoingia, aliamua nani apewe chumba na nani asipewe, alisuluhisha ugomvi wa uani, na mpangaji alipougua au kufiwa alijua pa kupeleka habari.

Huko ndani ndiko makabila yalikochanganyika. Kariakoo ina Mtaa wa Nyamwezi, wa Sukuma na wa Gogo, na mgeni anaweza kudhani kila kabila lilipewa mtaa wake. Haikuwa hivyo. Mwenye chumba kitupu alitaka mpangaji mwenye kodi na adabu, na ukumbi mmoja uliweza kuwa na Mzaramo, Mndengereko, Mnyasa na Mmanyema. Vyama vya kusaidiana vya kikabila vilikuwapo, hasa kwa ajili ya mazishi, na nisingependa kuvidharau. Palikuwa na watu ambao sanda yao ilitoka huko. Lakini msiba wenyewe ulikaliwa barazani na uani, na waliofika kwanza ni wa chumba cha pili na wa nyumba ya pili, wawe kabila gani. Vikundi vya ngoma na timu za mpira vilifuata njia hiyo hiyo ya ujirani. Klabu mbili ambazo hadi leo zinaigawa nchi, Young Africans ya mwaka 1935 na ile iliyoanza mwaka 1936 kwa jina la Queens, ikaja kuwa Sunderland, na leo ni Simba, ni za mitaa ya eneo hili, na makao yao hayako mbali kwa miguu.

Siasa inakuja hapa, na pingamizi la pili pia. Utaambiwa: TANU ilianzishwa na wanaume waliosoma, wengi makarani, walimu na wafanyabiashara; walitumia katiba, barua na magazeti; kama pasingekuwa na nyumba ya vyumba sita wangekutana kwingine. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Kleist Sykes aliyekuwa katibu wa African Association, na wanawe Abdulwahid na Ally baada yake, walikuwa watu wa kalamu na wa fedha kidogo, na jengo la chama lilikuwa la chama. Lakini chama cha makarani kilikuwapo kwa robo karne kabla ya mwaka 1954, na hakikuwahi kuwa cha umma. Kilichobadilika mwaka 1955 ni kwamba chama kilipata njia ya kuingia uani. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa akiimba katika Bomba, kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake, pamoja na Tatu binti Mzee na wenzao, hawakuanza na matangazo. Waliwaendea viongozi wa ngoma, na viongozi wa ngoma wakawaita watu wao. Kabla mwaka haujaisha maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na kadi. Susan Geiger, mwanahistoria aliyewahoji wengi wao baadaye, alionyesha kwamba wengi walikuwa Waislamu wa makamo, wasio na elimu ya shule, wenye biashara ndogo ndogo na uhuru wa kujiendea. Hao ndio tabaka la mama mwenye nyumba. Mwanamke asiyemtegemea mume kwa chumba cha kulala angeweza kutoka usiku kwenda mkutanoni, kutoa shilingi yake, kumficha mtu, kupika kwa ajili ya wageni wa chama, na hakuna wa kumtishia kumfukuza.

Hata viongozi wenyewe waliishi ndani ya mpangilio huo. Abdulwahid Sykes alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, kazi iliyomkutanisha na wauzaji wa kila upande wa mji, na nyumbani kwake ndiko Julius Nyerere alikokaa kwa muda alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955, kabla ya kuhamia Magomeni. Mtu aliyetoka Butiama kupitia Makerere na Edinburgh alihitaji kuwajua watu wa mji, wazee wake na lafudhi zake, na asingeyapata hayo katika ofisi. Sisemi kwamba nyumba ilileta uhuru. Ninasema kwamba mikutano ya hadhara ya TANU Mnazi Mmoja, kwenye uwanja ule ule ulioachwa mtupu ili kuwatenga watu, ilijaa kwa sababu habari zake zilikuwa zimekwisha kupita ukumbini na barazani.

Pingamizi zito zaidi ni la tatu, na linastahili jibu refu. Nyumba hizi zilibana. Familia nzima iliweza kulala chumba kimoja, choo kimoja kikahudumia watu ishirini, maji yakachotwa kwa foleni kwenye bomba la mtaa, na mvua za masika zikaharibu kuta kila mwaka. Wenye nyumba wengine walikuwa na nyumba kadhaa na hawakukaa hata mojawapo. Wengine walikuwa Waarabu na Wahindi wa madukani waliokusanya kodi kupitia wakala. Mpangaji aliyechelewa kulipa aliweza kuona kitanda chake nje. Anayeusifu ujirani wa namna hiyo, wanasema, anasifu umaskini asioulala yeye. Nakubali kila jambo katika orodha hiyo, isipokuwa hitimisho lake. Msongamano ulitokana na mshahara wa bandarini na reli, uliohesabiwa kwa mtu mseja, na pia na serikali iliyokataa kupima viwanja vya kutosha. Umbo la nyumba ndilo lililoufanya msongamano huo uvumilike: ukumbi ulipitisha hewa, ua uliwapa watoto na wapishi nafasi ambayo chumba hakikuwa nayo, na mwenye nyumba aliyekaa humo alitumia choo kile kile na wapangaji wake, kwa hiyo shimo lilipojaa halikuwa shida yao peke yao. Linganisha na kibanda cha kambi ya vibarua, ambako mwajiri ndiye mwenye nyumba na kuachishwa kazi ni kuachishwa kitanda.

Kuna ushahidi mwingine unaoniridhisha zaidi kuliko hoja zangu. Serikali yenyewe, mara mbili, iliichagua nyumba hiyo. Waingereza walipokwama na kota walianza kupima viwanja Magomeni ili watu wajenge wenyewe kwa mtindo wa Kiswahili. Baada ya uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipobomoa vibanda vibovu katika miaka ya 1960 lilijenga mahali pake nyumba za matofali zenye ramani ile ile: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Na serikali ya Azimio la Arusha ilipotaifisha majengo mwaka 1971 iliweka kiwango cha shilingi 100,000, ikayachukua majengo ya kupangisha yaliyozidi hapo, mengi yakiwa ya Uhindini. Nyumba za Kariakoo zikapita chini ya kiwango hicho. Nchi iliyokuwa ikimwita mwenye kuishi kwa kodi mnyonyaji ilimwacha bibi wa vyumba sita aendelee kupokea kodi yake. Naona watunga sheria walijua tofauti, hata kama hawakuiandika.

Soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika wa Afrika Mashariki, lilikamilika katikati ya miaka ya 1970, na ni kazi kubwa: nguzo za zege zinazotanuka juu kama miavuli na kukinga maji ya mvua. Liliifanya Kariakoo kuwa soko la taifa. Lakini kilichoila nyumba ya vyumba sita kilikuja baadaye, biashara ya nje ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Bidhaa zilifurika, baraza ikawa duka, chumba cha mbele kikawa fremu, na mfanyabiashara akawa tayari kutoa kilemba kinachozidi kodi ya chumba ya miaka mingi. Kufikia miaka ya 2000 ghorofa zilikuwa zinaota kila mtaa. Mara nyingi nyumba ilikuwa ya urithi, warithi wengi, mwenye nyumba wa kwanza amekwisha kufa. Dalali anawaleta pamoja na mwenye mtaji. Mmoja anatoa kiwanja, mwingine anajenga, wanagawana maduka au sakafu.

Basi wenyewe wameuza, atasema mtu wa pingamizi la nne, na ni haki yao. Kwa nini wajukuu wa mama mwenye nyumba wabaki na kuta za udongo ili sisi tufurahie historia? Sina la kuwalaumu. Fungu la fremu tatu Mtaa wa Kongo linasomesha watoto. Hoja yangu inaelekea kwa wanaopanga mji. Walihesabu kiwanja kwa bei ya fremu na hawakuhesabu kazi nyingine ambayo nyumba ilikuwa ikiifanya, ya kumweka mtu mwenye jina na anayejulikana katika kila mlango. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja Kariakoo iliporomoka asubuhi watu wakiwa ndani, na zaidi ya 20 wakafa. Waliokufa na waliookolewa walikuwa hasa watu wa kazini na wateja, waliotoka pande zote za mji, na ndugu zao walizitafuta habari zao hospitalini na kwa simu. Mtaa wa zamani ungewataja kwa majina kabla ya jioni.

Februari 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa rasmi Kariakoo, kukiwa na ahadi ya taa, kamera na askari wa doria. Wauzaji wake wengi hurudi Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara kwa mabasi yanayopungua usiku. Sheria za ujenzi za eneo hilo zingeweza kudai kwamba kila ghorofa jipya liwe na sakafu kadhaa za vyumba vya kupangisha kwa wanaofanya kazi hapo, vyenye ua wa pamoja hata kama ni juu ya paa, na mwangalizi anayekaa humo humo. Wasanifu wetu wanaijua ramani ya ukumbi na vyumba sita. Shirika la Nyumba liliwahi kuijenga kwa matofali miaka sitini iliyopita. Nyumba chache za asili bado zimesimama kati ya maghorofa, mabati yameshika kutu, baraza zimefunikwa na meza za machinga, na zinaweza kupimwa na kuchorwa sasa, kabla warithi hawajaitwa na dalali.